Naomba ushauri: kubadilisha treni Shinjuku na mabegi makubwa

Wakuu habari za saizi, kuna mtu humu amewahi kupita stesheni ya Shinjuku pale Tokyo? Naenda Japani kozi, chuo kipo Machida, natua uwanja wa ndege wa Narita mchana na nikipiga hesabu nafika Shinjuku saa kumi na moja jioni hivi, yaani muda uleule watu wanatoka makazini, na stesheni yenyewe inapitisha watu kama milioni 3 kwa siku na milango ya kutokea ni zaidi ya 200, sasa mimi na mabegi yangu mawili sijui itakuwaje.

Treni ya Narita Express, ile ya JR inayotoka uwanja wa ndege, inanifikisha Shinjuku moja kwa moja, hapo sina shida. Shida ni kuhama kutoka JR kwenda Odakyu, treni inayoenda Machida, maana ni kampuni nyingine kabisa, na humohumo kuna kampuni ya Keio na sabwei (treni za chini ya ardhi) pia. Nimesoma kuna geti la kuunganisha JR na Odakyu upande wa magharibi, je begi kubwa linapita vizuri na lifti ziko karibu au ni ngazi tu? Na kadi ya Suica, ile ya kulipia nauli, naigusisha mara moja tu hapo getini au?

Halafu kuna jamaa ananiambia niachane na Shinjuku kabisa, nishukie Yokohama nikamate treni za Yokohama Line mpaka Machida. Ni mzunguko ila labda afadhali. Au nilipie Romancecar, ile treni ya Odakyu yenye siti za kuhifadhi, nikae kwa raha, maana mi kubanwa mlangoni kama daladala za Mbagala nimechoka jamani. Mngekuwa nyie mngepita wapi?