Tupeane uzoefu: maswali ya joto mahususi na kalorimita yalikufanya nini shuleni?

Mtoto wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, kaniletea swali: chuma gramu 50 chenye digrii 200 kinatumbukizwa kwenye maji gramu 150 yenye digrii 25, joto la mwisho ni ngapi? Kajibu 68.75. Nikamwambia hebu fikiria, kipande kidogo vile kipandishe maji yote hayo digrii 40 na ushee? Kumbe kachukua wastani wa uzito na joto basi, ile c (joto mahususi, yaani jouli zinazopandisha gramu moja kwa digrii moja) ya chuma na c ya maji kaziona ni kitu kimoja. Maji ni 4.18, chuma ni 0.45. Gramu moja ya maji inakula joto mara tisa ya gramu moja ya chuma! Ukiweka kila namba mahali pake unapata 31 tu. Nikakumbuka tulivyohangaika na haya maswali. Kila mmoja aseme yaliyomkuta, hasa mliosomea huku kwetu Dodoma, Singida na Manyoni.

Mama Junior
Uzi umenigusa. Nakaa hapa kusoma.

Kisasa One
Kwetu yuniti ndizo zilizotumaliza. Fizikia wanakupa 4,200 kwa kilo, kemia wanakupa 4.18 kwa gramu, na maji ni yaleyale. Jirani yangu wa dawati alipasha maji ya chai gramu 200 kwa digrii 10, akatoka na jouli milioni 8.4. Jibu ni 8,360. Kabla hujagusa fomula, andika yuniti ya c pembeni, kisha uangalie kama uzito wako uko kwenye gramu au kilo.

Ubuyu
Nakazia.

Kemia ya Mtaani
Mimi nashauri badili kila kitu kuwa kelvini. Ukiona digrii ongeza 273, hutapotea.

Kisasa One
Mkuu, hapo unapoteza watoto. Kwenye tofauti ya joto ile 273 inajikata yenyewe. Toka 25 hadi 31 ni 6, iwe selsiasi iwe kelvini. Anayeongeza 273 kwenye hiyo 6 kaumia.

Kemia ya Mtaani
Nimesema badili kabla ya kutoa, sijasema uongeze kwenye tofauti. Soma vizuri kaka.

Binti wa Mpwapwa
La kwangu halijanitoka moyoni mpaka leo. Tulikuwa kidato cha tatu, shule siitaji, ipo humuhumu mkoani. Maabara yenyewe ni darasa lenye meza ndefu, jiko moja la mafuta ya taa na themomita mbili. Unafunga kipande cha shaba cha gramu 160 kwa uzi, unakitumbukiza kwenye sufuria la maji yanayotokota, kikishashika joto unakihamisha upesi kwenye maji gramu 100 ndani ya kikombe cha plastiki, ndiyo kalorimita yetu ya kupimia joto. Kikombe tulikizungushia kipande cha kanga ili joto lisitoroke. Maji ya kikombe yalikuwa 24.

Nikachomeka themomita kwenye sufuria. Maji yanatokota kwelikweli, mapovu yanapasuka juu, mvuke unanipiga usoni, na zebaki imesimama kwenye 96. Nikasubiri, haikusogea. Nikaazima ile themomita ya kundi la pili, nayo 96. Nikaandika 96. Shaba ikaingia kwenye kikombe, nikakoroga, ikaishia 33.

Mwalimu alipopita akaikata ile 96 kwa kalamu nyekundu, akaandika 100 juu yake. Akasema mbele ya darasa zima kwamba maji huchemka kwenye 100, anayeandika 96 amepika data. Nikapewa sifuri ya jaribio zima. Wenzangu walioandika 100 bila hata kuitazama themomita walipata alama zote. Nililia mpaka bwenini. Kemia nilikuwa naipenda kuliko somo lolote, na mwaka uleule nikahamia masomo ya sanaa.

Baadaye sana ndipo nikajua kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, na maji huku yanatokota kwenye 96 hivi. Themomita zote mbili zilikuwa zinasema kweli.

Mtoto wa Nkuhungu
Pole sana dada. Hii imeniuma.

Ubuyu
Aisee.

Ticha wa Bahi
Dada, ngoja tuzipige hesabu zako. Maji yamepokea 100 × 4.18 × 9, ambayo ni jouli 3,762. Shaba imeshuka toka 96 hadi 33, yaani 63. Gawa 3,762 kwa (160 × 63), unapata 0.373. Shaba vitabuni ni 0.385. Kilichopungua kimepotelea hewani wakati wa kuhamisha, na kingine kimeliwa na kikombe. Sasa weka ile 100 aliyoitaka mwalimu: inatoka 0.351. Data zako ndizo zilizokuwa karibu na ukweli. Nafundisha kemia, na kwa niaba yetu walimu nakuomba radhi.

Binti wa Mpwapwa
Asante mwalimu. Sikuwahi kuipiga hesabu hiyo mpaka mwisho. Nimeihifadhi.

Mzizima
Mnamwonea mwalimu. Maji yanachemka 100, hiyo tumefundishwa tangu shule ya msingi. Dodoma siyo Kilimanjaro. Halafu maji yenu ya visima yana chumvi, na chumvi inapandisha kiwango cha kuchemka, basi ilipaswa izidi hata hiyo 100.

Ticha wa Bahi
Mkuu, 100 ni ya usawa wa bahari, huko kwenu Dar. Kila ukipanda mita 300 hivi inashuka kama digrii moja, huhitaji kwenda Kilimanjaro. Na hiyo chumvi: kupandisha digrii 1 tu unahitaji kama gramu 58 za chumvi ya mezani kwenye kilo ya maji. Bahari yenyewe ina kama 35. Kufidia digrii 4 ni zaidi ya gramu 230. Nionyeshe kisima cha Dodoma chenye maji hayo.

Mzizima
Kwenye chumvi nimekuelewa. Lakini mtihani ukiandika "maji yanayochemka" bila namba, mtoto ajaze nini?

Ubuyu
Ajaze 100 apate maksi zake, ya 96 atayasema akishafaulu.

Binti wa Mpwapwa
Mtihani wa karatasi una dunia yake, atumie 100. Ila maabarani aandike alichokiona, na asiadhibiwe kwa kukiona.

Kombi PCB
Kupika data kumenikumbusha advansi. Tulichanganya tindikali ya hidrokloriki sentimita za ujazo 50 na sodiamu hidroksidi 50, zote mola 1 (moli 1 kwa lita). Joto likapanda 6.5. Wengi walikwama kwenye uzito, wakaweka 50, wakati kinachopata joto ni mchanganyiko wote, gramu 100. Sisi tukapata kilojouli 54.3 kwa moli, kitabu kinasema kama 57. Kiongozi wa kundi akataka tugeuze 6.5 iwe 6.8 ili itoke karibu na 57. Tukazozana nusura bika zipasuke. Ilikuwa Julai, madirisha wazi, na upepo wa Dodoma wa mwezi huo mnaujua. Tukaandika 54.3 na kueleza joto lilikopotelea. Tulipata alama nzuri.

Kemia ya Mtaani
Wengine tuliopika tulipata nzuri zaidi.

Kombi PCB
Na hukujifunza kitu, mkuu.

Mzee wa Makulu
Vijana, shikeni hii. Mwaka 1819 wanasayansi Wafaransa Dulong na Petit waligundua kwamba kwa metali nyingi, c ukiizidisha kwa uzito wa atomu unapata namba karibu ileile, kwa yuniti zetu za leo ni kama 25. Shaba: 0.385 × 63.5 ni 24.4. Chuma: 0.45 × 55.8 ni 25.1. Alumini: 0.90 × 27 ni 24.3. Ukimaliza swali la metali, zidisha. Ikitoka 3 au 250, rudi kwenye yuniti zako.

Mtoto wa Nkuhungu
Shikamoo mzee. Hii naipeleka kwa mdogo wangu usiku huuhuu.

Mwana Singida
Sisi huku tuko juu zaidi yenu. Tulipima maabarani tukapata 95, na mwalimu wetu akaibandika ukutani, darasa lote tunaitumia hiyo.

Mama Junior
Nimesoma yote. Junior yuko kidato cha tano, anauliza: joto limepanda, mbona jibu la tindikali na besi linawekwa alama ya kutoa?

Kombi PCB
Dada, mwambie aulize ni nani katoa na nani kapokea. Maji yamepokea, hiyo ni chanya. Tindikali na besi ndizo zilizotoa, kwa hiyo zinaandikwa hasi. Apige joto la maji kwanza, alama aiweke mwishoni.