Mjadala: Kodi zetu zitengeneze sinema ya Kongwa, au tuendelee kumshangilia "Malori"?

Mtu wa Chilonwa (mleta mada): Wakuu, mbukwenyi. Juzi umeme uliporudi nikachomeka flashi nikaangalia sinema ya zamani, The Guns of Navarone ya mwaka 1961. Kwa ambaye hajaiona: Wajerumani wana mizinga miwili mikubwa ndani ya pango, kwenye jabali la kisiwa cha Ugiriki. Meli za Waingereza haziwezi kupita kwenda kuokoa askari wao 2,000. Wanatumwa watu sita, wanapanda jabali jingine la kisiwa hicho usiku wa dhoruba ili wakailipue. Anayekuja kuwaongoza ni Mallory. Yangu ilikuwa ya kutafsiriwa, na mtafsiri alimwita "Malori" mpaka mwisho.

Nimeipenda, ila ilipoisha nikaingiwa na hasira. Hapo Kongwa, ukishakata kona ya Mbande, kuanzia 1964 walikaa wapigania uhuru wa Frelimo (Msumbiji), ANC (Afrika Kusini), Swapo (Namibia), MPLA (Angola) na Zapu (Zimbabwe). Vijana wametoka pale kwenda kuingia nchi za adui usiku, kwa miguu. Sinema yao iko wapi? Swali langu ni moja: serikali itoe hela ya kodi itengenezwe, ndiyo au hapana?

Fundi Rangi, Makole: Hapana. Kwetu maji ni ya mgao, ndoo tunazipanga foleni kuanzia alfajiri. Halafu Kongwa kuna nini cha kuwekea kamera? Karanga zilizogoma kuota?

Mwana wa Kongwa: Karanga hazikugoma, wewe fundi! Waingereza walikuja kulima karanga 1947 bila kuuliza mtu yeyote kuhusu mvua wala udongo. Kiangazi udongo ule unakuwa kama sakafu ya saruji. Mibuyu imejaa nyuki, wakaing'oa kwa matrekta, nyuki wakawafanyia kazi. Kufika 1951 wamefunga virago, pauni milioni 36 zimeyeyuka. Aibu hiyo ni ya kwao London, usitutwishe sisi.

Fundi Rangi, Makole: Povu lote hilo kwa karanga. Maji hujayagusa.

Mwana wa Kongwa: Maji fungua mada yako.

Mama Zabibu, Hombolo: Mimi baba yangu alikuwa akisema walilimia vifaru vya vita. Nikajua mzee anatupigia chai.

Mwana wa Kongwa: Siyo chai mama. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta. Hiyo peke yake ni sinema.

Fundi Rangi, Makole: Ya vichekesho.

Dereva wa Manyoni: Mnabishana karanga wakati Mandela mwenyewe kafundishwa kushika bunduki Kongwa. Kuna mtu alinihadithia safarini.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa: Mwanangu, Mandela alikamatwa Agosti 1962, na kambi ilifunguliwa 1964. Alipita Tanganyika mapema mwaka huo wa 1962, akaonana na Nyerere, basi. Waliokaa Kongwa ni kina Chris Hani wa ANC. Samora naye alishika uongozi wa kambi ya Frelimo pale. Na vijana wa Swapo waliotoka Kongwa ndio waliopigana na askari wa makaburu pale Omugulugwombashe, Namibia, tarehe 26 Agosti 1966. Mpaka leo Namibia siku hiyo ni sikukuu ya mashujaa. Aliyeuliza kuna nini cha kuwekea kamera, ajibu hapo.

Dereva wa Manyoni: Shikamoo mwalimu, nimekaa. Lakini hiyo Navarone si kisa cha kweli?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa: Marahaba. Kisiwa hicho hakipo kwenye ramani. Kisa kimeegemea vita vya Leros, kisiwa cha Ugiriki, vya 1943, na Leros Waingereza walipigwa, wakatekwa kwa maelfu. Sinema ikawapa ushindi.

Fundi Rangi, Makole: Hapo ndipo ninapopataka! 1967 Hani na wenzake wa ANC na Zapu walivuka mto Zambezi wakaingia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, eneo la Wankie. Walipigana kiume, lakini hawakufika walikokuwa wanakwenda, na Hani akaishia jela ya Botswana. Je, hilo litaonyeshwa? Mwenye hela akiwa serikali, kila mtu kwenye sinema atatembea kifua mbele na hakuna atakayeshikwa na kuhara kwa woga.

Dereva wa Manyoni: Mwalimu, sasa wale 2,000 nao ni wa uongo?

Kijiwe cha Sabasaba: Nacheka tu. Na mtaonyesha wapigania uhuru wenu walivyowapa mimba mabinti wa Kigogo kisha wakasepa? Tunaambiwa pale ilikuwa pombe na wanawake, bunduki baadaye.

Binti wa Kibaigwa: Nilikuwa nasoma kimya. Mama yangu kazaliwa Kongwa 1968, baba yake ni mmoja wa hao "wenu". Bibi alikuwa anauza maziwa, akipita karibu na kambi asubuhi. Wale watu walitumia majina ya bandia, kwa hiyo jina alilompa bibi siyo lake. Usiku mmoja lori lilikuja, asubuhi hayupo. Alichoacha ni kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, chini kimekwaruzwa herufi mbili kwa msumari. Bibi bado anakinywea dawa. Haya, cheka.

Kijiwe cha Sabasaba: Dada samahani. Lakini soma vizuri, nimeandika "tunaambiwa".

Binti wa Kibaigwa: Na nani?

Kijiwe cha Sabasaba: Watu.

Mama Zabibu, Hombolo: Watu hao wana midomo, majina hawana. Pole mwanangu.

Mtu wa Chilonwa (mleta mada): Wakuu, tusitoke nje ya mada. Ndiyo au hapana?

Mwana wa Kongwa: Mleta mada subiri kidogo. Binti, kwenye hiyo hiyo Navarone, mwenzao Franklin anavunjika mguu. Mallory anamdanganya, anamwambia kazi ya kulipua imefutwa na jeshi litashukia kwingine, makusudi ili Wajerumani wakimbana awaambie uongo huku yeye akiamini ni kweli. Mwenzao Miller akijua anawaka moto. Mimi nasema babu yako alifanya kama Mallory. Bibi asingeweza kusema asichokijua. Alimlinda.

Binti wa Kibaigwa: Kaka, Mallory hakumwachia Franklin mimba.

Fundi Rangi, Makole: 😂😂 Mwana wa Kongwa kaa pembeni kwanza.

Mwana wa Kongwa: Nimesema kwa nia njema. Jina la bandia lilikuwa amri ya jeshi.

Binti wa Kibaigwa: Amri ya jina, sawa. Ya kumwachia bibi mtoto asiye na baba ilikuwa amri ya nani? Mama alipoanza shule aliulizwa jina la baba, bibi akataja la kaka yake. Ndilo analotumia mpaka leo. Mkitengeneza sinema yenu hilo mtaliweka dakika ya ngapi?

Dereva wa Manyoni: Mimi nimebadili kura. Itengenezwe, lakini aanze bibi na maziwa yake, wenye bunduki wapite nyuma.

Fundi Rangi, Makole: Hiyo ya bibi naweza kuchangia hata mimi. Ya kodi bado hapana.

Mtu wa Chilonwa (mleta mada): Kwa hiyo tuhesabu hapana moja, ndiyo mbili?

Mama Zabibu, Hombolo: Hesabu mwenyewe. Binti, hizo herufi ni zipi?

Binti wa Kibaigwa: T na N. Mjomba anabisha, anasema ya pili ni Z.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa: N ukiilaza ni Z, mwanangu. Sikio la kikombe lilikuwa upande gani mlipokuwa mnasoma?

Binti wa Kibaigwa: Sikio lilishakatika, mwalimu. Nikienda Pasaka nitatazama kovu lake lilipo. Ila nimsubiri bibi amalize dawa, hapendi kishikwe kikiwa na kitu ndani.