Mrejesho: miguu ya mama kuwaka moto usiku

Wakuu, niliwauliza kuhusu mama mwenye kisukari: nyayo zinawaka moto usiku, mchana ganzi. Tumekwenda kliniki. Daktari alimfumbisha macho, akamgusa nyayo kwa kiuzi kigumu cha plastiki kinachopinda kwa uzito wa gramu 10. Sehemu nne hakuhisi kitu. Na kwenye kiatu kumbe kulikuwa na kokoto tangu asubuhi!

Sukari iliyokaa juu miaka mingi imeharibu neva, yaani mishipa ya fahamu. Kapewa amitriptilini ya usiku, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, na kwa kuwa metformini, dawa yake ya kisukari, ameitumia muda mrefu na huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, watampima vitamini hiyo. Aliyenishauri beseni la maji moto, hapana jamani, angeungua bila kujua.

Sasa analala. Ganzi ipo palepale. Kandambili zake nimezificha maana hazikingi miguu, kaninunia.