Ami, choo ni rangi gani?

*Kikundi: Ukoo wa Bibi (Langoni na Matondoni)*

Jumatatu

Mama Kassim: Asalaam alaykum jamaa. Mtuombee dua. Baba Kassim usiku wa yana kaamka mara tatu, tumbo lamchoma hapa chini ya kifua. Alfajiri kashindwa kwenda msikitini. Kikoi chake sasa chamzunguka mara mbili.

Shangazi Mwanaisha: Waalaykum salaam. Maskini ndugu yangu! Si yuzi tu alipewa dawa ya amiba?

Mama Kassim: Amiba mara tatu, wifi. Taifodi mara mbili. Na leo kaambiwa ni taifodi tena, adungwe sindano siku tano.

Ami Twalibu: _Umesambazwa mara nyingi_
VIDONDA VYA TUMBO KWISHA SIKU SABA!!! Maji ya kabichi, habbat soda, asali vijiko viwili, kabla ya jua kuchomoza. MTUMIE UMPENDAYE

Nuru: Ami Twalibu, hiyo uliileta mwaka jana ikiwa ya presha 😂

Ami Twalibu: Dawa nzuri hutibu mengi.

Nuru: Mama Kassim, pole sana. Kabla ya sindano, naomba nione karatasi zake zote. Vyeti, risiti, hata bahasha za vidonge. Kassim, zipige picha.

Kassim: Ziko kwenye mkoba wa msahafu wa zamani. Subiri.

Kassim: _Picha 11_

Nuru: Ahsante. Nimezipitia zote mara mbili, niko mapumzikoni hapa maabara. Jamani, miezi saba hii Ami Shee ametibiwa magonjwa mawili na hakuna hata moja lililothibitishwa.

Shangazi Mwanaisha: Mbona cheti chasema amiba wameonekana?

Nuru: Shangazi, hiyo ndiyo kazi yangu, nakwambia siri yake. Kwenye darubini kuna amiba mbaya na kuna nduguye asiye na madhara, na kwa macho wanafanana kama pacha. Ukitaka kumjua mbaya, umkute amemeza chembe za damu, au ufanye kipimo kingine. Hapa hakuna kilichofanywa. Na kile kipimo cha damu cha taifodi, Widal, cha mara moja peke yake hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au mwenye homa ya jambo jingine, huweza kutoa majibu hayo hayo.

Ami Twalibu: Sasa unasema watu wa kliniki waongo?

Nuru: Sisemi waongo. Nasema foleni ndefu na kipimo cha haraka. Mgonjwa naye akitoka bila dawa hulalamika kuwa hakutibiwa. Ami Shee, upo? Nina maswali machache.

Ami Shee: Nipo

Nuru: Kichomi huja lini, ukishiba au ukiwa na njaa?

Ami Shee: Njaa. Nikila latulia. Usiku larudi

Nuru: Unatumia dawa gani nyingine?

Ami Shee: Hapana. Za mgongo tu

Nuru: Za mgongo zipi?

Ami Shee: Za kawaida

Kassim: Nimefungua sanduku lake la kazi. Kati ya tezo na patasi kuna bahasha nne. Imeandikwa diclofenac.

Nuru: Ya Rabi. Hiyo ya maumivu huumiza tumbo. Tangu lini, na mara ngapi kwa siku?

Ami Shee: Tangu tulipoanza mataruma ya lile jahazi. Mbili asubuhi mbili jioni. Wakati mwingine na kahawa

Mama Kassim: Jahazi hilo mwaka huu wote! Na mimi sijui!

Nuru: Ami, samahani sana kwa hili, nawe ni mkubwa wangu. Choo chako ni rangi gani?

Ami Twalibu: Nuru!!

Shangazi Mwanaisha: Mtoto huyu! Humu mna wakwe!

Ami Twalibu: _Ujumbe huu umefutwa_

Nuru: Nasubiri jibu. Faragha pia sawa.

_(dakika ishirini na mbili)_

Nuru: Ami amenijibu faragha, na amenipa ruhusa niwaambie. Choo ni cheusi kama lami, chanata, na harufu yake si ya kawaida. Wiki ya pili sasa. Jana alisimama kizunguzungu kikampiga akashika ukuta. Vidonge vya kuongeza damu huweza kutia choo weusi, lakini hajameza. Hii yaelekea ni damu inayovuja huko juu tumboni, nayo ikipita utumbo mzima hutoka nyeusi hivyo. Si ya kungoja kesho. Hospitali ya King Fahd, sasa hivi. Diclofenac hata moja tena asimeze.

Mama Kassim: Maji yamekupwa. Mashua haielei hapa Matondoni mpaka saa nne ya usiku.

Nuru: Msingoje maji.

Kassim: Namtandika punda. Mamake Salma atangulie na tochi.

Shangazi Mwanaisha: Shee, wiki mbili umekaa na jambo hili kifuani na sisi dada zako tuko hai?

Ami Shee: Nilidhani ni mbaazi

Nuru: Kassim, beba karatasi zote, na bahasha za diclofenac. Wakiuliza "ana nini?" usiseme taifodi wala amiba. Sema: maumivu ya njaa miezi saba, kakonda, choo cheusi wiki mbili, kizunguzungu, na dawa hizi hapa. Basi. Jina la ugonjwa waachie wao.

Jumanne

Kassim: Tulifika saa tatu usiku. Damu yake 7.2.

Bi Salma: Hiyo ni ngapi ya ngapi?

Nuru: Mwanamume mzima hutakiwa awe kama 13 kwenda juu.

Kassim: Wamemtia dripu na dawa ya asidi kwa mshipa. Ameongezwa chupa mbili za damu. Moja ni ya nahodha mmoja tuliyemkuta hapo, hata hatumjui. Sasa wanamwandikia Mombasa akafanyiwe kamera ya tumbo. Gari laondoka Mokowe asubuhi hii.

Ami Twalibu: Nimetuma kidogo kwa simu ya Kassim. Na ile ya kabichi nimeifuta.

Shangazi Mwanaisha: Bibi anasema kwa sauti, mimi namwandikia: "Mwambieni Shee asitie ubishi kwa daktari, namjua mwanangu."

Alhamisi

Ami Shee: _Ujumbe wa sauti, 1:48_

Kassim: Nawaandikia, kelele za wodini ni nyingi. Baba asema: alikaa bila kula tangu usiku. Wakampulizia kitu kooni, koo likawa si lake. Wakamlaza ubavu wa kushoto, wakamtia kibano cha plastiki kinywani ule mrija wa kamera usije ukaumwa. Asema mrija ni mwembamba kuliko alivyohofia, na alicheua sana mpaka akaona haya. Kisha akaonyeshwa kwenye skrini. Asema kidonda ni kama tundu la msumari kwenye ubao uliolowa.

Nuru: Kiko wapi, tumboni au kwenye utumbo?

Kassim: Mwanzo wa utumbo, pale tumbo linapoishia. Walikata vipande vidogo wakapima. Wamekuta bakteria, H. pylori. Daktari kasema bakteria na diclofenac wote wana mkono.

Nuru: Alhamdulillah. Sasa tuna jina.

Shangazi Mwanaisha: Kwa hiyo si pilipili wala achari yangu?

Nuru: Achari yako yaweza kumchoma, shangazi, lakini haikumtoboa. Hata madaktari miaka mingi walidhani ni mawazo na vyakula. Wakatokea wawili Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakasema ni bakteria. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akawanywa mwenyewe.

Bi Salma: Aliwanywa nini?

Nuru: Bakteria. Kwenye gilasi. Tumbo likamvimba, akatapika siku kadhaa, akapimwa, akaonekana nao. 2005 wakapewa Nobel.

Ami Twalibu: Wazungu.

Nuru: Mama Kassim, sikiliza hapa ni muhimu. Dawa ni siku 14, aina kadhaa kwa pamoja. Asiache akipata nafuu siku ya tano. Akimaliza, apimwe tena kujua kama wamekwisha, kwa choo au kwa pumzi, si kwa damu, maana kipimo cha damu huendelea kusema "wapo" hata baada ya kupona. Na asikimbilie: antibiotiki ziwe zimepita wiki nne, na omeprazole, ile dawa ya asidi, awe ameiacha wiki mbili, la sivyo kipimo kitadanganya. Hiyo ya kuacha omeprazole, mmuulize daktari kwanza, kwa vile kidonda kilivuja damu. Nitaziweka tarehe kwenye simu yangu.

Mama Kassim: Naziandika kwenye kalenda ya jikoni. Mungu akuweke, Nuru.

Ami Shee: Na mgongo? Lile jahazi bado kutiwa kalafati

Nuru: Panadol, kwa kiasi walichokuandikia hapo. Na mgongo wenyewe upimwe, Ami, nao tusiubahatishe. Nyundo ashike Kassim.

Kassim: Mimi?

Mama Kassim: Wewe.