Tupeane uzoefu: kipindi cha michezo shuleni kifanyike uwanjani, siyo kwenye ratiba tu

Mwanzisha uzi
Wakuu, mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo shule za msingi. UMITASHUMTA na UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za msingi na ya sekondari) nayo yapo. Lakini shule nyingi michezo ni ya timu tu: wachache wanafanya mazoezi wiki mbili kabla ya mashindano ya kata, wengine wote wanabaki kushangilia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kutoa jasho kila siku. Mnaoendesha kipindi cha watoto 80 wenye mipira miwili, wekeni mbinu hapa. Vipimo tafadhali.

Mwalimu wa Zamu
Kosa kubwa ni kuwamwagia watoto 80 mpira mmoja. Kumi na tano watacheza, waliobaki watakaa kivulini, na wasichana ndio wa kwanza kukaa. Gawa makundi manne ya watoto 20 na vituo vinne: pasi za netiboli, kupokezana vijiti, kuruka kamba, rede (kukwepa mpira unaorushwa). Dakika 40 zinatumika hivi: 3 kutoka darasani, 5 kupasha misuli, kila kituo 5 na 1 ya kuhama (jumla 24), 4 kupoza mwili, 4 kunawa na kunywa maji. Vituo vichorwe kabla ya kengele. Ukianza kuchora watoto wakiwa wamesimama, kipindi kimeisha.

Rede inatosha mpira wa matambara. Kukiwa na mtoto asiyeona vizuri, fungia vizibo vya soda katikati ya matambara ili ausikie unapokuja.

Fundi Bomba
Kwenye goli la netiboli watu wanapoteza hela hapa: bomba linauzwa la mita 6, wanalikata katikati, wanapata nguzo mbili za mita 3. Urefu wa kanuni ni mita 3.05 juu ya ardhi, na shimo linataka angalau sm 60 zaidi. Kwa hiyo sekondari nunua mabomba mawili. Bomba moja lililokatwa katikati linafaa shule ya msingi: fukia sm 60, inabaki mita 2.4, kimo kizuri kwa wadogo.

Ringi ina kipenyo cha ndani sm 38. Kwa nondo ya mm 12 kata sm 123, ukunje, uchomelee. Iwe sm 15 mbele ya nguzo. Zege liache siku saba kabla ya mtoto kuigusa nguzo. Likitikiswa bichi, nguzo inalegea na kuinama.

Mgeni
Mkuu, na uwanja wa kukimbia? Eneo letu halifiki mita 400.

Kamba na Chokaa
Mita 200 zinakutosha, eneo la 90 kwa 50 linabeba njia nne. Simika vigingi viwili umbali wa mita 40. Funga waya kwenye kila kigingi, urefu mita 18.90, uchore nusu duara upande wa nje. Unganisha ncha kwa mistari miwili iliyonyooka ya mita 40. Umbali unapimwa sm 20 nje ya mstari wa ndani, ndipo inapotimia 200. Tumia waya wa kufungia nondo. Kamba ya nailoni inavutika, duara linatoka yai.

Njia moja ni mita 1.22. Kwa mzunguko mmoja, wa njia ya pili aanze mita 7.67 mbele, wa tatu 15.33, wa nne 23. Wakianza mstari mmoja, wa nje anaonewa.

Chokaa iwe iliyozimwa. Ile mbichi inaunguza zaidi macho na ngozi, hasa watoto wakikimbia peku. Ikikosekana, majivu yanatosha siku moja.

Mwalimu wa Zamu
Nyongeza kwa wanaoruka chini (kuruka umbali): shimo la mchanga lenye kina sm 30 hadi 40, lilimwe kwa jembe kila asubuhi ya kipindi. Mchanga usiolimwa unashikana kama sakafu, ndipo vifundo vinapoteguka. Na pini ya pampu ilowanishwe kabla ya kuichomeka; pini kavu ndiyo inayochana valvu, mpira mpya unakuwa wa kujaza kila siku.