Kasa wangu wa takataka anapukutika. Nimwache au nimwondoe?

FundiKasa:
Wakuu, naombeni ushauri, na msinionee haya. Mwaka jana nilitengeneza sanamu ya kasa, urefu kama mita tatu. Kiunzi ni nondo, gamba nimelishona kwa ndara zilizookotwa ufukweni, shingo na mapezi ni nyavu kuukuu na zile kamba za bluu za mashua. Nikamweka palepale ufukweni. Watu wakaja kupiga picha, watoto wakampanda mgongoni, nami kichwa kikavimba.

Juzi nimekwenda na ufagio. Chini ya tumbo nikakuta chengachenga za bluu, nyembamba kama manyoya ya kifaranga, zimechanganyika na mchanga. Nikashika kamba ya pezi la kushoto, ikakatikia mkononi kama jani kavu. Yaani nimezitoa takataka baharini zikiwa nzima, sasa nazirudisha zikiwa unga! Ndara bado ngumu, ila zimepauka hadi nyekundu na njano hazitofautiani.

Sasa nauliza: nimwondoe? Na kwa ujumla, sanaa ya aina hii inaisaidia bahari au tunajifurahisha tu?

Mzamiaji_Mzee:
Mwondoe leo, upepo haujaja. Kamba hizo kwa kawaida ni polipropilini, plastiki nyepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea. Jua ndilo adui yake. Miale huidhoofisha juujuu, inapasuka, nyuzi zinaachana moja moja. Na usimwoshe kwa mpira wa maji ukidhani unamsafisha, utazisomba chenga zote hadi majini. Tandika turubai kwanza, ndipo umfungue.

Plastiki yenyewe si haramu. Angalia jahazi la Flipflopi la Lamu, lililoshushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Takataka za plastiki ziliyeyushwa zikawa mbao nene, na ndara kama 30,000 zikafunika ubavu. Ubao mnene jua linaupiga usoni tu. Kamba yako ni nyuzi elfu, kila moja ina uso wake.

Chumvi_Tupu:
Mimi sina subira na sanamu za kupigia picha, samahani. Nionyeshe sanaa inayofanya kazi. Pale Talamone, Italia, mvuvi Paolo Fanciulli alichoshwa na meli zinazokokota nyavu usiku karibu na pwani kinyume cha sheria, zikichimbua nyasi za baharini ambamo samaki huzalia. Akaomba marumaru kutoka machimbo ya Carrara, wachongaji wakachonga, Emily Young akiwa mmojawao, na kuanzia 2015 sanamu zikaanza kuzamishwa. Wavu ukipita unanasa na kuchanika. Samaki hahitaji kuielewa sanaa, anahitaji jiwe tu.

FundiKasa:
Hii imenichoma, lakini imenipa wazo. Nikimtoa ufukweni nikamzamisha je? Samaki wakajificha ndani ya gamba?

SarujiNaMaji:
Ndugu yangu, hapana, hapana, hapana! Huko Florida miaka ya 1970 walizamisha matairi yapatayo milioni mbili wakitaka kujenga mwamba wa samaki, Osborne Reef. Vifungo vikalika kwa kutu, matairi yakaachiana, mawimbi yakayasukuma yakawa yanagonga matumbawe hai yaliyokuwa jirani. Miaka mingi baadaye wazamiaji ndipo wakaanza kazi ya kuyatoa. Na hao walikuwa na nia njema kama yako. Nondo yako nayo italika vilevile, ndara zitafunguka, na zinaelea.

Wanaozamisha sanamu kwa akili hutumia kitu kizito kisichooza. Jason deCaires Taylor alianza Grenada 2006, kisha Cancún, Mexico, ambako sasa kuna sanamu zaidi ya 500 za saruji maalumu isiyodhuru viumbe vya majini. Uso wake huachwa na mikwaruzo ili vichanga vya matumbawe vipate pa kushika. Na kuna faida nisiyoisikia ikitajwa sana: wazamiaji watalii wakienda kutazama sanamu, matumbawe ya asili yanapumzika na mateke yao.

Ila Chumvi_Tupu nawe umezidisha. Townsville, Australia, deCaires Taylor huyohuyo ana sanamu ya msichana inayobadilika rangi kulingana na joto la maji kwenye matumbawe. Haizuii wavu wowote. Lakini bahari ikipata homa, aliye nchi kavu anaiona kwa macho.

Chumvi_Tupu:
Hiyo naikubali. Nusu.

FundiKasa:
Nimerudi. Turubai lilitandikwa, kasa amefunguliwa. Pezi la kushoto lilisambaratika kabla hatujaligusa vizuri, chenga zake zimejaa ndoo moja na kidogo. Nondo nabaki nazo, na ndara zilizo nzima nitazishona upya, akae ndani chini ya paa. Kamba sirudii tena. Ndoo nimeipa kifuniko na itakaa kando yake, wageni waione pia.

Tatizo lililobaki ni kichwa. Hakipiti mlangoni. Mwenye msumeno wa chuma?