Kamba wa kula anemoni wasumbufu kwenye tangi la maji chumvi: tupeane uzoefu

Salaam jamaa. Tangi langu la lita 200 hapa Malindi limevamiwa na aiptasia, wale anemoni wadogo wa hudhurungi, viumbe wa baharini mfano wa maua. Walianza wawili nyuma ya jiwe, leo nimehesabu thelathini. Nilimkwangua mmoja kwa kisu, baada ya muda wakachipuka watano palepale, maana kipande cha mguu kikibaki jiweni kinakuwa anemoni mwengine. Naambiwa kuna kamba anayewala. Aliyejaribu anieleze, nampenda sana huyu samaki wangu wa matumbawe, sitaki nimpoteze.

Mwana wa Shela: Pole ndugu yangu. Mimi nilitia kamba watatu wa jamii ya Lysmata, ndio hao wala aiptasia, wiki mbili sikuona kitu, roho ikaniuma kwa pesa yangu. Siku moja tumeamka daku, nikamulika kwa tochi niliyoifunika karatasi nyekundu. Kamba kamsimamia anemoni, anamnyofoa kwa vile vimikono vya mbele, anatia kinywani, anarudi tena, na anemoni kajikunja kama kifungo. Hula usiku, na akishiba chakula cha samaki hana haja nao. Nilipopunguza chakula ndipo kazi ikaonekana. Ila wale wakubwa mfano wa shilingi ishirini aliwapita tu.

Bi Mkubwa Ngomeni: Mtazame vizuri kabla hujalipa! Mimi niliuziwa kamba mwengine, Rhynchocinetes, ana nundu mgongoni na mistari myeupe imepita kwenye wekundu. Aiptasia hakuwagusa, akanilia matumbawe laini mpaka nikalia. Huyo yuko hata bahari yetu ya Hindi. Lysmata wurdemanni unayemtaka kwao ni Atlantiki, mgongo hauna nundu hiyo, na mwili wake unapitisha mwanga, una michirizi myekundu.

Fundi Tangi: Wakubwa wadunge kwa bomba la sindano, chokaa safi iliyokorogwa nzito kama uji. Zima pampu kwanza, na usidunge wengi siku moja, pH, kile kipimo cha uasidi wa maji, itapanda. Na dawa ya samaki yenye shaba isiingie humo kabisa, nilipoteza kamba wanne kwa usiku mmoja. Ukikuta ganda tupu usihuzunike, amejivua tu.

Mwana wa Shela: Nyongeza moja. Ukichota maji baharini, mto Sabaki ukifurika acha kwanza, yanakuja na tope na chumvi imepungua. Kamba hastahimili chumvi kubadilika ghafla. Mdondoshee maji ya tangi tone kwa tone, saa nzima, ndipo umwachie.